Maradhi ya Sonona: Mgonjwa na Jamaa Zake Wanaujuaje Mwanzo Wake?

  

Sonona ni maradhi yanayomwondolea mtu raha na hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, yakamchukulia usingizi, chakula na nguvu, na yakakaa naye wiki au miezi bila ya kumwachia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa nayo. Baadhi ya waandishi huyaita unyogovu. Majumbani mwetu hayana jina hasa, na hilo ni sehemu ya tatizo. Hatukukusudia hapa kueleza maradhi yote kwa jumla, bali jambo moja ndani yake: mwanzo. Yalianza lini, na nani alijua? Tumeona kwamba mgonjwa na watu wa nyumbani kwake hutaja tarehe mbili zilizo mbali, na kwamba baina ya tarehe hizo mbili ndipo watu wanapopotea.

TULIYOYASIKIA SEPUKA

Sepuka iko Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, magharibi ya mji wa Singida kwa barabara iendayo Ndago. Ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua. Watu wanalima alizeti, mtama na uwele, na wanafuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Tulikwenda kwa ajili ya darsa, na kama ilivyo kila pahala, darsa likimalizika hubaki watu wawili watatu wenye maswali yasiyoulizwa hadharani.

Mmoja alikuwa mke wa mkulima. Alitwambia mumewe "ameharibika" tangu mavuno. Wakati wa kuvuna alizeti alijifungia ndani siku tatu, akawaacha jamaa peke yao shambani, na alipoulizwa akajibu kwa ukali, naye hakuwa mtu mkali. Ukoo ukakaa kikao. Kaka yake mkubwa akasema ni uvivu. Shangazi akasema amefanyiwa kitu. Tulipokaa na mwenyewe tulimuuliza swali moja tu: usingizi ulikukimbia lini? Akajibu bila ya kufikiri: kabla ya kupanda. Baina ya kupanda alizeti na kuvuna ni miezi minne na zaidi. Muda wote huo alikuwa akiamka saa nane za usiku na kubaki macho mpaka Alfajiri, akienda shambani kwa kujilazimisha, na akimuomba Allaah Amsitiri asigundulike.

Mwengine alikuwa binti wa sekondari. Mama yake alihesabu kuanzia siku aliyorudishwa nyumbani kwa kuanguka darasani. Yeye mwenyewe alihesabu kuanzia pale alipoona kuwa marafiki zake wanacheka na yeye hajui tena wanachekea nini. Hilo lilikuwa muhula mzima kabla.

Kwetu visiwani ni vivyo hivyo, isipokuwa kalenda inabadilika. Jamaa watasema "tangu mfungo tatu", "tangu aliporudi kwenye karafuu", "tangu ile siku aliyogombana na wifi yake". Siku zote ni tukio lililoonekana na watu. Mgonjwa akiulizwa taratibu, hutaja kitu ambacho hakuna aliyekiona.

MGONJWA HUANZA NA MWILI

Mtu wa kwetu hasemi "nina sonona". Hata "nimehuzunika" hasemi. Husema mwili umevunjika. Kichwa kinawaka moto. Moyo unakwenda mbio. Kifua kinabana. Chakula hakina ladha. Nafikiri sana. Basi huenda kituo cha afya, akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, akapimwa presha, akaambiwa hana kitu. Neno hilo "huna kitu" lina madhara makubwa kuliko anavyodhani anayelisema, kwa sababu mgonjwa anajua kuwa kitu anacho. Akishaambiwa vipimo havikioni, hubakiwa na tafsiri mbili: ama yeye ni muongo, ama ugonjwa wake si wa hospitali. Wengi huichagua ya pili, na njia ya kwenda kwa mganga inafunguka hapo.

Tunasema hivi si kwa kubahatisha. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uliwapima watu waliofika vituo vya afya vya kawaida na waliofika kwa waganga wa kienyeji. Katika waliokwenda vituo vya afya, kiasi cha 24 katika kila 100 walikuwa na sonona, wasiwasi uliopindukia au maradhi ya jamii hiyo. Kwa waganga walikuwa 48 katika kila 100, mara mbili. Kwa hiyo wagonjwa wa sonona wapo na wanatafuta tiba, ila wanaitafuta pale wanapoulizwa habari zao.

NA HUANZA NA IBADA

Kwa Muislamu anayeshika dini yake kuna dalili nyengine inayotangulia, ambayo vitabu vya madaktari haviitaji sana lakini sisi tumeisikia mara nyingi mno. Utamu wa ibada unaondoka. Anasoma Qur-aan na ulimi unakwenda, moyo haupo. Anasujudu na hahisi kitu. Ramadhwaan inaingia na kutoka kama mwezi wowote.

Hili humtisha kuliko kukosa usingizi. Hudhani amekuwa munafiki, au Allaah Amemkasirikia kwa dhambi fulani ya zamani, na huanza kuchimbua umri wake wote kuitafuta dhambi hiyo. Haendi kumwambia imamu kwa sababu anaona haya. Anazidi kujificha.

Ni lazima lieleweke: kujilaumu kupita mpaka ni dalili ya maradhi haya, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Kuna tofauti baina ya mtu aliyeghafilika na mtu aliyeugua. Aliyeghafilika ameacha na wala hajali. Huyu mgonjwa anaungua kwa sababu anataka na hawezi. Kumwambia "ongeza imani" ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu aongeze mwendo.

Na lau huzuni kubwa ingekuwa dalili ya upungufu wa imani, tusingeikuta kwa waliokamilika imani. Suwrah Yuwsuf, aayah ya 84 mpaka 86, inatusimulia kuwa macho ya Nabii Ya'quwb ('alayhis-salaam) yaligeuka meupe kwa huzuni, na watoto wake wakamlaumu, naye akawajibu kuwa dhiki yake anamshitakia Allaah. Suwrah Maryam, aayah ya 23, inatueleza kuwa Maryam ('alayhas-salaam) katika uchungu wa uzazi alitamani lau angelikufa kabla ya hayo. Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) mwenyewe, kama ilivyo katika Swahiyh al-Bukhaariy kwa riwaya ya Anas (Radhwiya Allaahu 'anhu), alikuwa akijikinga kwa Allaah mara kwa mara na hamm na hazan, ambayo Maulamaa wameyapambanua: hamm ni dhiki ya linalokuja na hazan ni huzuni ya lililopita. Hatusemi kuwa Mitume walikuwa na maradhi tunayoyazungumzia. Tunasema kuwa huzuni nzito haikuhesabiwa kwao kuwa aibu.

JAMAA HUANZA NA TUKIO

Tuwafanyie uadilifu jamaa. Wao hawaoni ndani ya kifua cha mtu, wanaona matendo. Wanapoona tendo lililobadilika hulipa jina walilonalo tayari: kwa kijana ni bangi au mapenzi, kwa mwanamume ni uvivu au jeuri, kwa mzee ni uzee, na kwa mwanamke ni jini. Majina hayo yanamaliza mazungumzo kabla hayajaanza, kwa sababu kila jina linakuja na dawa yake, bakora au kombe au kuozeshwa.

Mwanamume ndiye anayepotea zaidi katika hesabu hii. Huzuni yake mara nyingi hutoka kwa sura ya hasira, na jamaa huishughulikia hasira. Yule mkulima wa Sepuka alikuwa ameshafanyiwa suluhu na mkewe mara mbili kwa ugomvi ambao chanzo chake kilikuwa mtu asiyelala.

Mama aliyejifungua ana hali yake. Siku chache za kulialia baada ya uzazi huwapata wengi na hupita. Zikizidi wiki mbili, hasa akiwa hamtazami mtoto au anasema mtoto angekuwa bora bila ya yeye, hilo si la kusubiri arubaini iishe. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa zaidi ya wanawake 10 katika kila 100 wajawazito na waliotoka kujifungua hupatwa na sonona. Bibi na mama mkwe waliomzunguka mzazi ndio wanaoweza kuijua mapema kuliko daktari yeyote, wakiwa wanajua wanatafuta nini.

Kuna jambo jengine linalowachelewesha jamaa, nalo ni jina la hospitali. Bara mtu akiambiwa "wa Mirembe", kwa ile hospitali ya Dodoma, ametukanwa. Kwetu ni Kidongo Chekundu. Majina mawili ya pahala pa tiba yamekuwa matusi, basi nani atampeleka mwanawe huko kwa kukosa usingizi? Husubiri mpaka hali iwe ya kufungwa kamba, kisha wakasema hospitali haikusaidia. Tukumbushe kuwa Waislamu walitangulia katika hili. Bimaristani aliyoijenga Sultan Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili ndani ya hospitali ileile ya wagonjwa wengine, na gharama zake zililipwa na waqf. Hawakuona kuwa ni fedheha.

Hata hivyo, jamaa nao huona mambo ambayo mgonjwa hayaoni. Sonona hupaka rangi kumbukumbu. Aliyezama ndani yake hukwambia "mimi ndivyo nilivyo tangu zamani", na ni mkewe au mtoto wake anayekumbuka kuwa mwaka jana alikuwa akiimba akioga. Sahani inayorudi jikoni na chakula chake, kanzu isiyofuliwa, simu isiyopokelewa, hayo huonwa na wa nyumbani. Ndiyo maana tunasema tarehe zote mbili zinahitajika. Ya mgonjwa huonesha maradhi yameanza lini ndani, na ya jamaa huonesha lini nguvu za kuyaficha zilikwisha.

SWALI LA "KUMETOKEA NINI?"

Kila familia huuliza hivyo. Kumetokea nini? Nani kamkera? Kama limetokea jambo, kufiwa, kuachwa, kufeli, deni, familia hutulia kwa kuwa imepata sababu. Kama halikutokea, huitengeneza sababu, na mara nyingi sababu hiyo ina jina la jirani.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhiy, aliyefariki mwaka 322 Hijria sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu Maswaalih al-Abdaan wal-Anfus kuhusu afya ya miili na ya nafsi. Humo aliigawa huzuni kubwa mafungu mawili. Lipo lenye sababu inayojulikana, kama kumkosa mtu au kitu kipenzi. Na lipo lisilo na sababu ambayo mwenyewe anaijua, linalomjia mtu akakosa furaha na uchangamfu, na hilo aliliegemeza kwenye mwili, kwenye hali ya damu, kwa elimu ya zama zake. Akazitenga na tiba zake: la kwanza hutibiwa zaidi kwa maneno, fikra na mawaidha, na la pili huhitaji tiba ya mwili.

Leo madaktari hawatumii lugha ya damu, na wanajua kuwa mafungu hayo mara nyingi huchanganyika. Lakini faida ya maneno yake kwa familia ipo palepale. Mtu anaweza kuugua bila ya kutokea kitu. Kutopata sababu si ushahidi wa sihri. Sisi tunaamini sihri na husda kuwa ni haki kwa dalili za Shari'ah, lakini kumtuhumu jirani kwa sababu mtoto wetu halali ni dhana mbaya tuliyokatazwa, na tumeona ukoo ukipasuka kwa dhana hiyo huku mgonjwa akibaki palepale.

NAMNA YA KUMUULIZA

Kipimo kinachotumiwa na madaktari ni wiki mbili. Ikiwa karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, mtu amekosa raha au amekosa hamu, na pamoja na hayo usingizi, chakula, nguvu au umakini umeharibika, au anajiona hana thamani, apelekwe. Msingojee tukio.

Usimuulize "una nini?" Atajibu "sina kitu". Muulize vitu vyenye tarehe. Usiku unaamka saa ngapi? Tangu lini? Chakula gani ulikuwa ukikipenda, na mara ya mwisho kilikuwa na ladha lini? Mara ya mwisho ulikwenda baraza lini kwa kupenda? Tumeona watu waliokaa kimya miezi wakifunguka kwa maswali madogo ya namna hii. Andikeni majibu kwenye karatasi mwende nayo kwa daktari. Na mwambieni daktari pia kama kuna wakati alipitiwa na hali ya kinyume, siku nyingi za uchangamfu uliopindukia na kutohitaji usingizi, kwani tiba yake hiyo ni nyengine. Atapimwa na damu vilevile, maana upungufu wa damu na maradhi ya tezi huleta uchovu unaofanana na huu.

Zimbabwe kuna mradi ulioanza mwaka 2006 kwa juhudi za daktari wa akili Dixon Chibanda. Mabibi wa mtaani waliofunzwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya wakamsikiliza. Hawakuanza na neno la kigeni, walianza na neno ambalo Washona wenyewe hulitumia, kufungisisa, ambalo maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi benchi tunalo tayari, ni baraza. Lililopungua ni kuuliza.

Na muulizeni wazi kama anafikiria kufa. Wazee wengi wanaogopa kuwa kuuliza kutamtia fikra hiyo. Haimtii. Humpa pahala pa kuitua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, vidonge na dawa za mimea zifungiwe mbali, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si baada ya Ijumaa.

TIBA NA RUQYAH

Usaamah bin Shariyk (Radhwiya Allaahu 'anhu) amepokea kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliwaamrisha watu watafute tiba, kwani Allaah Hakuweka ugonjwa ila Ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wameipokea Abu Daawuwd na at-Tirmidhiy. Amri hiyo haikuutoa ugonjwa wa nafsi.

Anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mkaeleze usingizi na hamu, si kichwa peke yake. Wa Singida hupewa rufaa mpaka Mirembe, na wa Unguja Kidongo Chekundu, lakini wengi hawafiki huko, hutibiwa karibu na nyumbani. Wengine hutosheka na mazungumzo ya tiba. Wengine hupewa vidonge, kama fluoksetini au amitriptilini, navyo havifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Huchukua wiki mbili mpaka nne, pengine zaidi, na huendelezwa miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu. Anayeviacha siku ya tano kwa kuwa hakuona kitu, au mwezi wa pili kwa kuwa amepona, hakuvijaribu.

Ruqyah ya Qur-aan na du'aa zilizothibiti inafaa na ina kheri, na haigongani na vidonge. Somewa asubuhi, meza dawa usiku. Anayesoma akaamrisha dawa itupwe amevuka mpaka wake. Ama kwenda kwa mpiga ramli na bao, hilo limekatazwa kwa Hadiyth Swahiyh, na hatuna la kuongeza.

MAS-ALA YANAYOULIZWA

Je, aache Swalaah mpaka apone? La. Akili anayo na wajibu uko juu yake, lakini aswali kwa uwezo wake, amesimama, akishindwa kwa kukaa. Kutohisi ladha hakubatilishi Swalaah. Dawa ikimlaza akapitiwa na wakati, ataswali atakapoamka, na hana dhambi.

Je, afunge? Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine, Suwrah al-Baqarah aayah ya 184 na 185. Dawa ya mara moja kwa siku daktari anaweza kuihamishia usiku. Asiiache mwenyewe kwa ajili ya Ramadhwaan bila ya kumuuliza.

Je, talaka aliyoitamka mgonjwa imepita? Inategemea kama akili yake ilikuwapo alipotamka, na hilo haliamuliwi kwa maandishi kutoka mbali. Waende kwa Kadhi, pamoja na karatasi ya daktari, na waeleze maradhi yalianza lini, kwa hesabu ya mgonjwa na kwa hesabu ya jamaa.

Wa-Allaahu A'lam.